Waya Alioukata Clovis

Church Point, Louisiana
Machi 14, 1956

Mpendwa Shangazi Eulalie,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Magoti yanasemaje huko Beaumont? Bado yanakunyima usingizi? Sisi tu hai, ila si wote wazima.

Utasikia mengi kuhusu kaka yangu Clovis. Afadhali uyasikie kwangu.

Mume wangu Ulysse alimtengenezea amplifaya, kikuza sauti cha kodiani anayopiga kwenye dansi. Ndani aliweka waya unaochukua sehemu ya sauti inayotoka na kuirudisha mwanzo ikiwa kinyume, ipingane na ile inayoingia. Nguvu hupungua, lakini sauti hutoka safi, wala haiyumbi umeme wa ukumbini ukipanda na kushuka.

Clovis alitaka kelele tu. "Shemeji, umeifunga mdomo!"

"Ukiifungua itakutapikia," Ulysse akamjibu.

Jumamosi moja mwezi uliopita, kabla ya dansi kuanza, Ulysse alipokwenda kuchukua bia, Clovis akaukata ule waya kwa koleo.

Wimbo wa kwanza watu walishangilia. Wa pili, sauti ikakwaruza kama msumeno kwenye bati. Mlevi mmoja akapaza sauti, "Clovis, unachinja nguruwe?" Kaka yangu akaruka kutoka jukwaani na kiti mkononi. Meno ya mlevi yakamwagika sakafuni. Chupa zikaanza kuruka.

Ulysse alikimbilia amplifaya aizime. Clovis alidhani anafuatwa yeye, akamchoma usoni kwa chupa iliyovunjika. Jicho la kushoto limekwenda, Shangazi. Hata hivyo Ulysse alimkaba koo, damu ikimchuruzika, mpaka nilipomng'ata mkono ndipo akamwachia.

Alipotoka hospitali aliulehemu waya upya. Akakosea, akageuza nyaya za transfoma inayopeleka sauti kwenye spika. Sauti iliyorudi, badala ya kupinga, ikaongezea, na spika ikapiga yowe. Mume wangu akajitupa chini akiziba uso. Nilizima, nikakaa naye sakafuni hadi alipoinuka. Kisha akazibadilisha zile nyaya, sauti ikatulia.

Leo Clovis ametoka jela, akaja mlangoni. "Nipige," akasema. Ulysse akampiga ngumi moja. Nilisikia mfupa wa pua ukivunjika. Kisha akamtupia taulo.

"Ingia. Kahawa inapoa."

Msalimie binamu Zulma na mumewe Théogène. Bikira Maria akufunike kwa shela lake.

Nakuandikia nikiwa nimeketi katikati yao. Wanakunywa kahawa. Visu nimevificha.

Binti wa kaka yako, akupendaye,
Verlie