Mwizi Aliniuliza Jina, Nikamjibu

Jumamosi, katikati ya Julai 2007, Kangemi. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuuma masikio, na mimi nina hasira inayoweza kuchemsha maji ya kuoga.

Nyinyi mnaonisoma mmezoea nianze na Wekesa wangu: alivyonishika mkono, alivyonichekesha kanisani, harufu ya shati lake. Bado nampenda hivyo hivyo. Tuna wiki saba za ndoa, na nikisikia ufunguo wake mlangoni bado nakimbilia kioo kwanza. Lakini leo sikulipia kompyuta hapa saiba ili niwasimulie mapenzi. Leo nimekuja kumtukana mtu.

Wewe mwizi. Najua unasoma.

Kwa wageni, mume wangu anatengeneza michezo ya kompyuta. Ndiyo, hapa hapa Nairobi. Wako wanne kwenye vyumba viwili kule Parklands, juu ya duka la vitambaa. Kwa miaka miwili wametengeneza mchezo mmoja tu, unaitwa Mkokoteni. Unasukuma mkokoteni wa viazi kutoka sokoni, unapanda nao River Road ukikwepa watu na mashimo, na gunia likianguka unarudi mwanzo. Ile sauti ya mwanamke anayepiga kelele "Songa kando, mzigo!" ni yangu. Tuliirekodi chini ya blanketi ili redio ya jirani isisikike, nikacheka mpaka Wekesa akasema ataahirisha harusi. Mchezo ulikuwa utoke mwezi ujao.

Jumanne mtu aliingia kwenye kompyuta kubwa ya ofisi yao kupitia mtandao, akachukua msimbo wote. Msimbo ni yale maandishi ambayo kompyuta inasoma ndipo mchezo uwe mchezo. Aliye nao anaweza kuugeuza kidogo, kuupa jina lake na kuutoa kabla ya wenyewe. Kufikia Jumatano ulikuwa umemwagwa mtandaoni, kila mwenye kutaka ajichukulie.

Miaka miwili ya mume wangu. Mmeimwaga kama maji machafu.

Hakuna mlango uliovunjwa. Mwizi aliingia kwa neno la siri la Wekesa, akaliandika sawasawa kama mwenyewe. Ndiyo maana Alhamisi Hitesh, mkubwa wao, alimwita. Wekesa alinisimulia yote ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Password ni yako, Wekesa. Sasa mimi nifikirie nini, rafiki yangu?"

Hayo ndiyo maneno ya Hitesh. Akamwambia akae nyumbani, na Jumatatu saa tatu aende aeleze neno hilo lilitokaje. Asipoweza kueleza, hana kazi, na atajulikana kama mtu aliyeuza jasho la wenzake. Wanaofanya kazi hiyo mjini hapa wanajuana wote. Nani atamwajiri tena?

Niliwaka. Nilimtukana Hitesh ambaye hajanikosea. Nikamshuku Otieno, mwenzao wa ofisini, kwa sababu tu hakusimama kucheza hata wimbo mmoja kwenye harusi yetu. Otieno, nisamehe.

Kisha Wekesa akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amenakili ujumbe ambao wezi waliuacha pamoja na ule msimbo:

"Mkokoteni wenu tumeusukuma mpaka kwetu. Msalimieni bi harusi."

"Sasa hawa wamejua aje nimeoa?" akaniuliza.

Nikaichukua ile karatasi, nikalisoma tena neno la mwisho.

Jana nikiwa kazini, mimi ni mpokezi kwa daktari wa meno kule Upper Hill, nilifungua blogu hii katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine, nikasoma nilichoandika mwezi uliopita. Wengi mnakikumbuka, mlinisifu sana. Niliandika kwamba mume wangu hawezi kuanza kazi bila mimi: kila asubuhi anaandika jina alilonipa mama mkwe, akaongeza tarehe ya harusi yetu, ndipo kompyuta ya ofisi imfungulie. Ofisi yenyewe niliitaja. Nilikuwa na furaha, jamani. Nani hangesema?

Chini yake akaja mtu anayejiita Dada Mpenda Ndoa. Utamu gani huu, akasema. Mama mkwe alikupa jina gani? Na harusi ilikuwa lini, dada, nikuweke kwenye maombi?

Nikamjibu.

Nekesa, nikamwambia, kwa sababu nilifika kwao Bungoma wakivuna mahindi. Nikaandika na siku na mwezi na mwaka. Nikamshukuru. Nikamwambia Mungu ambariki.

Maombi! Ungeniuliza kwa ujanja mwingine wowote ningekuheshimu kidogo. Lakini ulijua bibi arusi wa wiki tatu akiambiwa ataombewa anafungua kinywa na moyo na kabati. Ulikaa mahali, sijui ni mwanamume au mwanamke, sijui ni chumba au saiba kama hii, ukacheka na wenzako, ukaandika jina la mapenzi yangu kwa vidole vyako. Natamani jino likuume wikendi nzima na kila kliniki iwe imefungwa. Natamani umeme ukatike kila unapokaribia kumaliza jambo. Kila gunia likuangukie.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza, lakini kuna jambo langu mwenyewe la kusema.

Jana nilitaka kufuta. Mkono ulikuwa kwenye kipanya, mshale uko pale penye kufuta, akaingia mzee ameshika shavu na ikabidi nimhudumie. Nilipanga, na ninaandika haya nikiona aibu, kwamba nitayafuta maneno yale yote, nitakaa kimya, na Wekesa ataenda Jumatatu bila kujua. Nilijiambia watamsamehe tu. Mtu mzuri kama yule, watamfukuzaje? Nililibeba wazo hilo mpaka nyumbani.

Nikamkuta anapiga pasi. Aliinua shati juu, akaniuliza, "Hebu ona. Hii shati inasema mimi si mwizi?"

Sikuweza kula.

Leo asubuhi nilimwambia, chai ikiwa jikoni. Nilisema yote bila kupumua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ukamjibu?"

"Nikamjibu."

"Mpaka mwaka?"

"Mpaka mwaka."

"Wanjiru. Hata mwaka?"

Tangu tuoane hajawahi kuniita Wanjiru. Alizima jiko, akavaa koti, akatoka, akasimama kwenye veranda zinapoanikwa nguo. Nikadhani anaenda kwa kaka yake. Nikalia nikiwa nimeegemea mlango, nikamwambia kupitia ubao kwamba naenda saiba sasa hivi, nifute kila kitu, nifunge hii blogu, nisiandike tena maishani.

Mlango ulifunguliwa karibu nianguke.

"Usiguse! Usifute hata nukta. Unajua hiyo ni nini? Ameuliza, umemjibu, tarehe iko hapo, saa iko hapo. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza imeonyesha sikuuza."

Nikapangusa machozi kwa kiganja.

"Na bado nimekukasirikia," akasema.

"Najua."

"Sana, Wanjiru."

"Najua."

"Hata mimi mwenyewe nimejikasirikia. Nani anaweka neno kama hilo kwa kompyuta ya kazi? Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hawezi." Akarudi nje.

Kwa hiyo yale maandishi yatabaki. Nayachukia. Ningeweza ningeyang'oa kwa meno, lakini yatabaki pale pale kila mtu ayasome, na majibu yangu matamu chini yake. Sasa hivi yanachapishwa kwenye karatasi hapa nyuma yangu. Mama Shiko, mwenye saiba, aliuchukua ukurasa wa kwanza akausoma kwa sauti kabla sijamzuia.

"Haiya! Ni wewe uliandika hivi?"

"Ni mimi."

"Na huyu wa maombi ndiye aliwaibia?"

"Ndiye."

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaniangalia usoni, akazipanga zile kurasa vizuri na kuzipiga pini.

Kazini nimeomba ruhusa ya Jumatatu. Wekesa hajasema niende naye Parklands, wala sijamuuliza. Nitaenda. Nitakaa mbele ya Hitesh na Otieno na yule mwenzao mwingine, niwasomee mimi mwenyewe, kwa sauti hii hii waliyoiweka kwenye mchezo wao, sentensi baada ya sentensi. Wakitaka kucheka, wacheke. Wakitaka kuniita mjinga, nitaitikia.

Sijui Wekesa atanisamehe kabla ya Jumatatu au miezi baadaye. Nitangoja. Ila Wekesa hawatamwita mwizi.