Ukuta wa Nne

Eliseo mwanangu,

Maharage yako jikoni, tortila nimezifunika kwa kitambaa. Usifunge madirisha, rangi haijakauka. Natangulia kanisani kupanga maua.

Asubuhi nimekufokea, "Nani kakutuma?" Ukanijibu, "Lakini mama, si baba alitaka sebule yote iwe zambarau iliyokolea, kama kanzu yake ya kubebea sanamu ya Yesu kwenye maandamano ya Kwaresima?" Ni kweli. Alipaka kuta tatu, akafa. Leo umeamka alfajiri ukammalizia wa nne.

Ila kwenye huo wa nne palikuwa na alama ya kiganja chake, aliyoiacha siku ile alipoegemea ili avute pumzi. Wewe uliona doa. Mimi kila asubuhi niliweka mkono wangu hapo. Hukujua, sikuwahi kukuambia.

~~Zamu ya baba yako kwenye maandamano ya leo aichukue mjomba Rigoberto.~~

Hapana. Kanzu yake nimeipiga pasi, iko kitandani kwako. Wabebaji hupangwa kwa urefu wa bega, na lako limefika lilipokuwa lake. Nitasimama kando ya njia. Ukipita usinitazame, nitalia.

Mama