Paa wa Mgongo wa Manjano Amepatikana

Babu,

Amepatikana. Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya kusoma salamu kwanza. Yule paa wako mkubwa mwenye mgongo wa manjano amepatikana, na picha yake Bibi ameiweka juu ya kabati, karibu na yako tuliyoikuza kutoka kwa kitambulisho siku ya mazishi.

Sasa nikusalimu. Sisi ni wazima. Chai imechipua vizuri tangu mvua ianze, na Bibi bado anachuma ingawa tunamkataza. Ng'ombe wako mweusi alizaa ndama jike. Mimi niko kidato cha tatu. Gambuti zako za mpira nazivaa mimi, na soksi mbili mbili kwa sababu ni kubwa.

Nakumbuka Jumamosi za likizo, tukitembea ile njia ya kilomita moja msituni ambayo Daktari Muthoni wa chuo kikuu alikuajiri kuitembea ili kuhesabu ndege na wanyama. Sisi tuliiita mstari. Hatua mia moja, tunasimama. Dakika kumi, tunasikiliza. Nikitaka kuongea unainua kidole. Halafu unanipa kalamu, kwa maana macho yako hayakuona tena vizuri maandishi ya daftari, na kusema, "Chepkoech, andika ulichokiona. Ulichodhani umekiona kiache hapa msituni."

Ndiyo maana uliposema umemwona huyo paa, mimi sikuuliza mara mbili. Wengine waliuliza. Daktari alisema mnyama huyo hajaonekana upande wetu kwa miaka mingi. "Mzee, ulikuwa na nani?" Ukajibu, "Nilikuwa peke yangu," kama ulivyojiandikia daftarini siku hiyo kwa herufi kubwa. Basi kwenye orodha ya wanyama wa msitu akaandika jina la paa, na kando yake neno moja: Haijathibitishwa. Kule kituo tunakopeleka majani ya chai wakakupa jina. "Mzee wa Manjano, leo umeona simba wa kijani?" Ulicheka pamoja nao. Nilidhani hujali, mpaka ulipolazwa hospitali ya Kapkatet. Ulinivuta mkono ukasema, "Ile orodha. Waambie wasinifute."

Wangekufuta, Babu. Baada ya mazishi Daktari alinieleza kwa upole kwamba orodha inaandikwa upya mwisho wa mwaka, na yasiyothibitishwa yataondolewa. Hakuwa na ubaya. Ndiyo kazi yake. Nilimwomba kamera moja, zile ndogo zinazofungwa mtini na kupiga picha zenyewe mnyama akipita. Akanipa.

Hapo nikafanya kosa. Niliifunga pale ng'ombe wanapolamba udongo wa chumvi. Nilifikiri kila mnyama anapenda chumvi, nikajiona mwerevu. Mwezi mzima nilipata ng'ombe wa kijiji kizima, na Mjomba Kibet amelala chini ya mti saa ambazo alituambia anachunga. Hayo ni ya kucheka. Lakini nilipata pia akina mama wenye mizigo ya kuni, na wengine hawakuwa na kibali cha kuingia msituni mwezi huo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba kuna kamera. Habari ilipotoka, kamera ikapotea.

Nilipofika kituoni na majani yetu, wanawake walikuwa wamekaa na vikapu wakingoja lori. Mmoja akasema, "Askari mpya wa msitu huyo. Viatu tayari anavyo." Mwingine akasema, "Mtoto, siku nyingine niambie mapema nivae nguo ya kanisa." Walicheka, lakini hakuna aliyesogea nikae.

Nilisimama katikati ya vikapu nikaomba msamaha. Kadi ya picha za mwezi ule, niliyoitoa kabla kamera haijapotea, nilikuwa nayo mfukoni. Niliivunja mbele yao, ng'ombe na watu wote humo. Halafu nikawaambia ninachotafuta, na kwamba muda unaisha.  Mmoja wao akanisaidia kupandisha kikapu changu kwenye mizani.

Siku mbili baadaye, mchana, Mama Chelangat wa ng'ambo ya kijito alikuja nyumbani. Kamera alikuwa ameifunga kwa leso. Yeye ndiye aliyeitoa mtini. Aliniomba tukae nyuma ya zizi, kisha akasema, "Babu yako hakuwa peke yake."

Babu, nimejua. Siku ile Mama Chelangat alikuwa na mzigo wa kuni, bila kibali, wiki ile ambayo wanawake walikuwa wakikamatwa. Alisikia gambuti zako akajificha. Paa akatoka kichakani kati yenu, nywele za mgongo zimesimama, manjano kabisa. Alipopotea, ulimtazama Mama Chelangat ukamwambia, "Mimi wewe sijakuona. Lakini yule, umemwona?" Akasema amemwona. Ukasema, "Basi inatosha." Ukaendelea na mstari.

Kumbe wakati wote ulikuwa na shahidi. Ungetaja jina moja tu, na hakuna mtu ambaye angekuita Mzee wa Manjano. Nilikukasirikia, nakwambia kweli. Wewe uliyenifundisha niandike nilichokiona, wewe uliandika "peke yangu". Kisha nikalia, hasira ikaisha, na sijui hata... basi. Nilitamani tu ungekuwepo nikushike mkono.

Mama Chelangat alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye ule mkuyu unaoangusha matunda chini ya mteremko, mbali na njia ya ng'ombe. "Huyu si mtu wa chumvi," alisema. "Huyu ni mtu wa matunda." Tulifunga kamera chini, usawa wa goti. Na safari hii kila mtu kituoni alijua iko wapi, na wachungaji walikubali kupitisha ng'ombe upande wa juu.

Wiki ya kwanza, tumbili. Wiki ya pili, ukungu na nguruwe mwitu. Zilikuwa zimebaki siku chache tu Daktari afunge orodha nilipofungua kadi ya tatu. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, Babu. Kichwa chini, tunda mdomoni, na mgongo wake umewaka kama ulivyosema. Picha nne, moja baada ya nyingine. Nilipiga kelele mpaka Bibi akaja na jembe.

Daktari Muthoni alifika siku iliyofuata. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako, na hatukumwambia. Alitazama zile picha kwa muda mrefu, akavua miwani, akasema taratibu, "Mzee, nisamehe." Kisha akaniuliza, "Kwani siku ile alikuwa na nani?" Nilikuwa nimemwahidi Mama Chelangat kwamba sitamtaja, kwa hiyo nikasema, "Aliandika kwamba alikuwa peke yake."

Mama Chelangat alikuwa mlangoni, ameleta maziwa. Aliweka kibuyu chini. "Alikuwa na mimi," alisema. "Nilikuwa na kuni na sikuwa na kibali. Ukitaka kuandika hilo pia, andika."  Bibi ndiye aliyesema, "Kuni zenyewe zilishakuwa jivu zamani. Kaa chini unywe chai."

Orodha imetoka. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Imethibitishwa. Aliyeona kwanza: Kipkorir arap Sigei. Jina lako lote, Babu. Chini yake kuna jina la shahidi, ambaye alitaka la kwake pia liandikwe lote. Kituoni bado wanakuita Mzee wa Manjano, lakini sasa wanalitaja jina hilo kama mtu anavyotaja cheo.

Daktari amenipa mstari wako nyakati za likizo. Amesema nikimaliza shule nisome mambo ya misitu, na atanisaidia kuandika maombi. Mama Chelangat amekubali kutembea nami, kwa kibali, kwa kuwa anajua sehemu za msitu ambazo hata wewe hukuzifikia. Nakuahidi nitatembea polepole. Nitawaambia watu kabla sijafunga kamera yoyote. Nitaandika nilichokiona. Na siku nikikutana na mtu aliyejificha na mzigo wake, nitakumbuka ulivyofanya, hata kama sitajua mara moja la kuandika.

Kesho ni Jumamosi. Mama Chelangat amesema nimpitie kukipambazuka na nisiwaamshe mbwa wake.

Kwaheri, Babu. Pumzika. Mstari una watu.

Mjukuu wako,
Chepkoech