Amekula? Hajala

Jumatano, Msambweni. Mvua ilipiga alfajiri ikakatika, na tangu saa nne jua linafukuta. Naandika saa kumi na moja jioni. Mtoto amelala kwenye mkeka, bibi yake ameketi kando anampepea. Hatujasemezana sana mimi na bibi yake tangu adhuhuri. Nitaeleza kwa nini, na sitajipendelea.

Nianze na yaliyo wazi. Mwanangu Bakari ana miaka miwili na mwezi mmoja. Ni kitinda mimba wangu; nilimzaa nikiwa na miaka arobaini na mbili, dada zake wakiwa wameshakwenda shule ya bweni. Baba yake ni mpishi katika hoteli moja ya Diani na huja nyumbani siku moja kwa wiki. Siku zilizobaki nyumba hii ina watu watatu: mimi, Bakari, na mama mkwe wangu Bi Mwanakombo, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto nikiwa kazini.

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimeripoti moto, mafuriko na mazishi bila sauti kutetemeka. Wenzangu husema sina moyo. Mimi huwaambia ninao, ila siendi nao kazini.

Jumatatu nilimpeleka Bakari kliniki kupimwa. Muuguzi akamfunga mkononi ule utepe wa rangi tatu. Kijani, mtoto yuko sawa. Manjano, yuko hatarini. Nyekundu, analazwa. Mwezi uliopita Bakari alikuwa kwenye manjano, upande wa kijani. Jumatatu alikuwa kwenye manjano bado, upande wa pili. Kati yake na nyekundu zilikuwa zimebaki milimita tatu. Nilizihesabu mwenyewe, kisha nikahesabu tena.

Utepe huo naujua. Mwaka mmoja wa ukame nilikwenda nao bara, huko Kinango, nikawaeleza wasikilizaji kila rangi maana yake. Nilimwuliza mama mmoja mfugaji, "Mtoto wako anakula nini?" Akatazama chini. Niliandika kwamba mama huyo hakuwa na jibu.

Jumatatu niliulizwa swali hilohilo, nami nikatazama chini.

Muuguzi ni kijana wa kutoka bara, mchangamfu, ulimi haumkai. Aliitambua sauti yangu kabla ya kulitambua jina.

"Madam, si ni wewe hutufundisha kwa redio vile tunafaa kulisha watoto?"

"Ndiye mimi."

"Sasa huyu ni wa nani?"

Nilimwambia kwamba mtoto hali chakula. Nikamtajia tunavyopika: samaki, kunde za nazi, mchicha, mayai, viazi vitamu. Nikamwambia kila nikirudi kazini namwuliza bibi yake, na kila siku jibu ni moja, hajala. Wakati naeleza hayo, Bakari alishuka kwenye benchi, akaushika mlango wa chumba kwa mikono miwili na kuutikisa mpaka bawaba zikalia.

"Hali kabisa?" muuguzi akauliza. "Na nguvu ya kunivunjia mlango anatoa wapi?"

Akamfunua Bakari viganja, akavitazama, akamvuta kope ya chini. Akasema damu pia ni kidogo. Nimrudishe wiki ijayo. Utepe ukishuka tena, tutalazwa, na kama bado hali, atalishwa kwa mpira wa puani.

Nilitembea na swali la mlango njia nzima.

Nina jambo moja ninalowafundisha vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu. Nawaambia: usimwulize mtu kwa neno lako, kwa sababu atakujibu kwa neno lake, na maneno hayo yanaweza kufanana kwa herufi tu. Nina mifano yangu kutoka vijiji vya Jego na Funzi, nawapa, wanacheka, wanaandika. Mwalimu mwenyewe kwa miezi miwili amerudi nyumbani kila jioni akauliza, "Mama, Bakari amekula?" na akajibiwa, "Hajala," na akaamini amepata jibu.

Jana jioni niliuliza upya. Bi Mwanakombo alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, Bakari leo amekula?"

"Hajala. Wali nimempa, katema. Samaki nimemchambulia mwiba mmoja mmoja, kageuza uso. Mume wangu huyu ana kiburi."

Mume wangu ndivyo anavyomwita mjukuu wake, kama bibi wote wa huku. Humtania, humfokea, humlalamikia kama mume hasa.

"Basi niambie kitu kingine. Tangu ameamka, ametia nini mdomoni?"

Akaacha kupepeta. "Mdomoni?"

"Chochote, mama."

"Ah. Hivyo si vijitu tu."

"Nitajie hivyo vijitu."

Akanitajia, bila kuficha hata kimoja, kwa sababu hakuona cha kuficha. Chai ya maziwa asubuhi, na hamri nzima ya kuchovya. Saa nne alikuja jirani yetu Mwanajuma, wakanywa chai, na "mume wangu" naye akapewa yake. Kaimati tatu. Biskuti mbili za nyumba ya pili, kwa kuwa alipita akawakuta watu wanakula, "sasa wamnyime mtoto, atamani?" Barafu ya ukwaju. Mabuyu mekundu ya kumung'unya, ila mbegu yeye Bi Mwanakombo alimtolea zote, mtoto asisakamwe. Chai baada ya sala ya alasiri. Chai nyingine kabla ya kulala, maana bila hiyo halali.

"Na sukari, mama?"

"Kwani chai hunywewa vipi?"

Nilikuwa nimesimama na daftari, kwa mazoea. Chai nne, nilisema. Sauti yangu ilikuwa ile ya kazini.

"Tano," akasema Bi Mwanakombo. "Hiyo yako ya alfajiri umempa nani?"

Ni kweli. Sikuwa nimeihesabu.

Kila siku ya zamu, saa kumi na mbili kasoro robo, nasoma taarifa ya Kwale kwa simu, moja kwa moja hewani, kutoka chumbani kwangu. Bakari huamka saa hiyohiyo. Akilia, Pwani nzima itamsikia. Kwa hiyo huwa nina kikombe cha chai mkono wa kushoto na simu mkono wa kulia. Nampa kikombe, ananyamaza. Nasoma. Nikimaliza taarifa, kikombe ni kitupu. Nimefanya hivyo tangu alipoachishwa ziwa, na sijawahi kukiita kitendo hicho kumlisha.

Kwetu, kula ni wali, ni sima, ni kitu kilichokaa kwenye sahani na kikawa na mchuzi. Mtu mzima huamka, akanywa chai na mahamri manne na mbaazi, na saa sita akasema hajala kitu tangu asubuhi. Hasemi uongo. Bi Mwanakombo hakunidanganya hata siku moja. Niliuliza kuhusu kula, akanijibu kuhusu kula. Kumbe mtoto alikuwa anaifikia sahani akiwa ameshajaa maji ya sukari, na ile chai yenyewe, alivyonieleza muuguzi nilipompigia, inaizuia hata ile damu kidogo ambayo chakula kingemtia.

Nikapitisha amri. Kesho chai hakuna. Vijitu hakuna. Nikaenda mwenyewe mpaka kwa Mwanajuma na nyumba ya pili kuwaomba. Walinisikiliza kwa adabu. Mwanajuma akaniuliza, "Mtoto akija kwangu nimfungie mlango, Mama Bakari?" Nikaaga, nikarudi.

Leo sina zamu, ndiyo maana niliichagua leo.

Bakari aliamka saa kumi na mbili kasoro robo. Akanyoosha mkono kutafuta kikombe. Nikampa uji wa mtama. Akautazama, akanitazama, akaanza. Alilia mpaka saa tatu. Hakulia kwa deko. Alilia jasho likamtoka, akajitupa chini, akapiga kichwa sakafuni, akaita chai kwa sauti iliyokuwa inakauka. Bi Mwanakombo aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilimsikia anasoma Ayatul Kursiy.

Saa nne nilimpa yai, akalitupa. Saa tano nikampa ndizi, akaikanyaga. Maji alikunywa kidogo.

Saa saba nilimpakulia wali, kunde za nazi na samaki. Akafumba mdomo. Nilibembeleza. Niliimba. Mimi niliimba. Nikafanya kijiko ndege, kikawa gari, kikawa chombo cha wavuvi. Hakufumbua. Niliutazama mkono wake, ule niliouona umefungwa utepe, nikaona milimita tatu.

Kilichofuata nakiandika jinsi kilivyotokea.

Nilimlaza mapajani pangu. Nikamshika taya kwa mkono mmoja. Nikambana pua kwa vidole ili afumbue mdomo avute pumzi, na alipoufumbua nikamtia kijiko. Cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu alipaliwa. Uso ukabadilika rangi, macho yakamtoka, akatapika vyote pamoja na yale maji, juu yangu na juu ya mkeka. Kisha akanitazama. Hakulia. Asubuhi nzima alikuwa analia, na wakati huo hakulia.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu saa ngapi.

"Mbuzi halishwi hivyo," akasema.

Akamchukua, akamwosha, akambadilisha nguo. Mimi nilikaa palepale na kijiko mkononi. Nimewahi kumkabili mtu mwenye panga nikamwuliza maswali mawili zaidi. Leo nilishindwa kuinuka.

Nilipoingia uani nilimkuta Bi Mwanakombo ameketi chini na sahani yake mwenyewe, anakula. Bakari amempa mgongo. Bibi hakumwita, hakumsemesha, hakumtazama. Anakula kunde tu, tonge baada ya tonge, taratibu, kama mtu aliye peke yake nyumbani. Nilitaka kusema kitu. Akaninyooshea kidole bila kugeuka: nyamaza.

Bakari akageuka. Akasogea. Akasimama mbele ya sahani. Akaokota kunde moja, akaitazama, akaila.

Nilizihesabu. Siwezi kujizuia, ndivyo nilivyo. Kunde kumi na moja, moja moja, na kipande cha samaki cha ukubwa wa ukucha. Ya kumi na mbili akaibonyeza kwa kidole na kumpaka bibi yake shavuni. Bi Mwanakombo akaendelea kula.

Kisha mtoto akasema, "Bibi, chai."

Nilimwona mama mkwe wangu akitulia, tonge limesimama mkononi. Mwanamke huyu hajawahi kumkatalia mtoto huyu kitu. Angalimpa ili kuniudhi nisingalishangaa, nilikuwa nimeshajiandaa.

"Chai imekwisha, mume wangu," akasema. "Imekwisha Msambweni nzima."

Bakari akalia, lakini kwa muda mfupi, akalala amechoka. Ndipo Bi Mwanakombo akaniambia, macho kwa mtoto, kwamba kuanzia kesho chai yake ataifuata kwa Mwanajuma, mlango ukiwa umefungwa. Hapa ndani pasionekane hata kikombe. Nikamwambia mama, samahani. Akaniambia nisiombe samahani kwake, niliyemkaba yuko pale mkekani. Na mkono ule, akasema, usirudi tena.

Hautarudi. Hilo naliandika hapa ili nilisome siku nitakayochoka.

Sitaki mtu anayesoma hapa adhani tumevuka. Kunde kumi na moja si mlo. Utepe hausomi nia ya mtu, na kabla ya kupimwa tena zimebaki siku tano. Inawezekana kabisa tukalazwa. Usiku wa jana niliota nasoma taarifa, nikafika kwenye idadi ya watoto, nikashindwa kuitamka.

Kesho nina zamu. Saa kumi na mbili kasoro robo nitakuwa hewani, na chai haitakuwepo. Bakari ataamka, atanyoosha mkono, utarudi mtupu. Nimemwuliza mhariri kama mwenzangu anaweza kunishikia wiki hii. Amesema hana mtu.

Basi watamsikia, kutoka Likoni mpaka Vanga. Nitampakata na kusoma taarifa mpaka mwisho.