Uzi Mwekundu Kwenye Mpera

Mwalimu Ladu, mwenzangu,

Kwanza niwie radhi kwa majani niliyoharibu. Tulirudi Juba kusherehekea uhuru, baada ya kufundisha pamoja uhamishoni Uganda, na miaka miwili baadaye uliniagiza nichume majani machanga na yaliyokomaa kwenye mpera wako wa mtaani Lemon Gaba. Nikachuma madogo, nikayaita machanga. Mapana nikayaita mazee. Hukunikaripia. Uliomba nyuzi za rangi kwa mkeo, mama Keji, ukawa unalifunga kila jani uzi siku linapofunguka na kuandika tarehe daftarini.

"Umri wa jani hauonekani kwa upana wake, Mwalimu. Uliza uzi," ulisema.

Ukanieleza kwamba jani changa hutengeneza tanini, ile inayotia ukakasi mdomoni, kwa kutundika asidi ndogondogo juu ya sukari, moja baada ya nyingine. Likikomaa, zile zilizo jirani hushikana mbili mbili, na tanini ile huwa tanini nyingine. Nilibisha. Ukakasi ni ukakasi, nilisema. Basi ukachemsha jani changa moja, ukatia msumari wenye kutu, na maji yakawa meusi kama wino kabla chai yetu haijapoa. Lililokomaa litachelewa kuyatia maji weusi, ulisema. Tulingojee jani la uzi mwekundu likomae.

Kisha vita. Homa ilikushika, bunduki zikatuzuia kufika hospitali, ukatuacha.

Binti yako Keji amerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda. Anataka kujenga chumba pale penye mpera, na ana haki. Wanawe wanalala chini ya turubai. "Mzee, hii muti nakata Jumamosi," aliniambia. Sikumsahihisha. Nilikuwa nikitazama uzi mwekundu, umefifia, na jani lake gumu kama ngozi. Miezi yote hii nimevuka daraja kutoka Gumbo kuja kulitazama tu. Nikilichuma, kazi yako itakwisha, nami sitakuwa na jambo lako la kungojea.

Ijumaa nililichuma. Nikalichemsha, nikatia msumari, nikakaa. Chai ikapoa. Maji bado yalikuwa ya kahawia. Ladu, nilitamani uwepo unicheke.

Mstari wa mwisho wa daftari lako nimeujaza mimi: "Limechelewa. Mwalimu Ladu alisema kweli." Keji aliusoma mara mbili, akaomba abaki na daftari.

Mpera umekatwa. Chipukizi la shinani nimelipanda kwangu Gumbo. Pumzika, mwenzangu. Jani lake la kwanza likifunguka, nitalifunga uzi siku hiyohiyo, nami sitalipima kwa upana wake.