Gari Lako la Betri Limekwenda Kedowa

Mpendwa kaka Wanjala,

Najua ulipo barua haifiki. Nimejaribu kumwandikia mama mara mbili nikashindwa, kwa sababu mama husomewa barua na watu, na sitaki mtu mwingine asikie haya kabla yako. Lile gari lako la betri limeondoka jana. Mnunuzi wa vyuma kutoka Kedowa alikuja na lori akalichukua, pua ikiwa imebonyea na taa moja inaning'inia. Na wiki tatu kabla ya hapo, injinia aliandika kwenye karatasi kwamba wewe ndiye uliyeharibu breki zake. Wewe, ambaye huna mdomo tena wa kujitetea. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Unakumbuka siku uliyonileta hapa kiwandani? Nilikuwa nimetoka Kimilili na suruali moja, shule nimeiacha darasa la sita. Ulinipandisha juu ya gari pale kwenye chumba cha kupakia, nikashika chuma kwa mikono miwili nikingoja lingurume. Halikunguruma. Liliondoka tu polepole, magunia ya majani chai yakiwa nyuma yetu, na mimi nusura nianguke kwa mshangao. Ulicheka mpaka ukakohoa. Wachunaji wa kutoka Merigi walikuwa wakikutania kwamba gari lisilotoa moshi si gari, ni kitanda chenye magurudumu. Ukawajibu kwamba basi wakuambie ni nani kati yao ana kitanda kizuri hivyo nyumbani. Wewe ndiye uliyelipa jina Bibi Harusi, kwa vile lilitembea kwa adabu na kila mtu alilazimika kulipisha njia.

Ulilitunza kuliko ulivyojitunza. Jumapili, kabla ya kanisa, ulipita kiwandani na shati lako jeupe kuangalia maji ya betri, na shemeji akasema angejua ana mke mwenza asingekubali kuolewa. Kutu ilipoota kwenye vichwa vya betri uliiosha kwa maji moto na mswaki wa zamani. Nilidhani ni wazimu. Baadaye nikajikuta nafanya vilevile.

Jambo kubwa ulilonifundisha ni pedali. Ukisimama juu yake, gari linakwenda. Ukiinua mguu, umeme unakatika na breki inashika yenyewe. Uliniambia nishuke nione, nikashuka, likasimama palepale. Ukasema, "Ukishuka, nalo linasimama. Usilidanganye kwamba uko juu." Sikusahau maneno hayo hata siku moja. Hiyo ndiyo shida yangu, kaka. Sikuyasahau, na bado nikafanya.

Ulipoanza kukonda nilikuwa nakubeba kutoka kitandani hadi mlangoni uote jua. Hukuniuliza habari za mshahara wala za mashamba. Uliniuliza kama nimelichaji. Nilikujibu ndiyo, ukafumba macho kana kwamba nimekupa uji. Tulikuzika nyumbani Alhamisi, na Jumatatu nilikuwa juu ya pedali yako, kwa sababu majani hayangoji mtu alie.

Sasa nikuambie. Tangu ile mvua ya El Nino ilipokatika, majani yamekuwa mengi kupita kiasi. Malori ya majani mabichi yanapanga foleni hadi barabarani, na sisi wa stoo tunapigiwa kelele tangu asubuhi. Kupanda na kushuka kwenye pedali kwa kila gunia kunachelewesha. Kwa hiyo nikafanya kile madereva wa viwanda vingine husema wanafanya. Nilikata mpira wa tyubu ya baiskeli nikaifunga pedali ikae chini, ili gari litambae lenyewe polepole nami nitembee kando yake nikitupia magunia. Nilijiambia ni kwa wiki hiyo tu. Nikafanya miezi miwili. Nyapara alinisifu kwamba siku hizi nimepata nguvu.

Siku hiyo gunia moja lilianguka, nikageuka kuliokota. Ni kugeuka tu. Niliposikia kelele gari lilikuwa limeshafika kwenye mteremko wa mlango wa stoo, peke yake, na chini ya mteremko alikuwa Chepkoech, yule mama anayefagia, ameipa mgongo njia. Gari lenyewe halina sauti ya kumwonya mtu. Lilimbana mguu kwenye nguzo ya mlango. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Unajua nilichofanya kwanza? Niliinama nikang'oa ule mpira nikautia mfukoni. Ndipo nikasukuma gari. Kwanza mpira, kisha mtu. Hilo ndilo linalonitafuna.

Nyapara alipouliza imekuwaje, nilisema breki. Neno moja tu. Injinia akafungua kidogo pale chini, akaona nati ulizofunga wewe kwa mkono wako, akasema marehemu alikuwa akijitengenezea bila ruhusa na haya ndiyo matokeo. Akaandika. Gari likahukumiwa kuuzwa kama vyuma. Majirani wa nyumba za laini wakanipa pole, wengine wakasema bora ulikufa usione. Mke wangu Nafula akanipikia kuku. Nilimla, kaka.

Nilikwenda hospitali kumwona Chepkoech. Nilibeba mkate na sukari. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta hadi pajani na binti yake alikuwa anamsuka nywele. Nikaanza kueleza habari za breki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamtuma binti maji.

"Baba Simiyu," akasema, "nilikuona ukitoa kitu pale chini."

Nikamuuliza mbona hakumwambia injinia.

"Nilikuwa nangoja uje useme wewe. Wanjala alinibeba kwa hiyo gari nikiwa na mimba ya huyu binti. Alisimama kila baada ya hatua kumi kuniuliza kama natikisika. Leo mnamwekea makosa na amelala huko kwenu. Si unisaidie, mimi nimelala hapa na mguu mmoja, nisibebe na maneno yako."

Hakupandisha sauti. Alichukua mkate akausogeza karibu na ukuta, nikatoka.

Jana lori lilipokuja hakuna aliyejua kuliendesha gari lako isipokuwa mimi. Betri ilikuwa na moto kidogo. Waliweka mbao mbili nene kutoka ukingoni mwa chumba cha kupakia hadi kwenye lori, zikainama mbele. Nikapanda. Nilikuwa nimevaa lile ovaroli la siku ile, na mpira ulikuwa bado mfukoni. Nilipofika katikati ya mbao, uzito wote ukivuta chini, niliinua mguu.

Bibi Harusi alishika, kaka. Palepale, bila kuteleza hata kidole.

Mnunuzi akasema songa. Nyapara akasema songa wewe, mbao zitavunjika. Injinia yeye alikuwa anaangalia mguu wangu ulio hewani. Nikamwambia, "Bwana, breki ni nzima. Wanjala alizifunga vizuri. Mimi ndiye nilifunga pedali na hii." Nikamrushia ule mpira.

Nilidhani nitasikia nafuu. Sikusikia. Niliomba gari libaki kwa vile halina kosa, nyapara akaniuliza kama nataka nilioe. Limeshauzwa. Nikalazimika kukanyaga tena, mimi mwenyewe, nikaliingiza kwenye lori kwa mguu wangu, nikashuka, nalo likasimama. Nilishika kile chuma ulipokuwa unashika, pale palipong'aa, mpaka turniboi wa lori akaniambia nitoke afunge mlango. Limepita njia ya chini, na kwa vile halikuwa na sauti hata lilipokuwa hai, nimebaki sijui ni nini hasa ninachokikosa kukisikia.

Kazi imekwisha. Nyumba ya laini natakiwa niirudishe mwisho wa mwezi. Nafula anakunja nguo za watoto tangu jana. Nyumbani shamba ni lile dogo unalolijua, na katika sehemu yake ndimo ulimolala. Sijui nitamwambia nini mama. Nimechoka, kaka, na sina umri wa kuanza tena kuchuna majani kwenye shamba la mtu mwingine ambako sifa zangu zitakuwa zimeshafika.

Lakini jana jioni injinia aliniita ofisini. Alitoa ile karatasi, akalikata jina lako kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, akaandika lingine juu yake. Ilikuwa ya Kiingereza, nikamwomba anionyeshe mahali. Akaweka kidole. Lilikuwa langu, lote, na alikuwa ameliandika bila kukosea hata herufi moja.

Pumzika sasa. Mimi nitakuja hivi karibuni na mizigo yangu, nipite kwako kwanza kabla ya kuingia kwa mama.

Ni mimi, mdogo wako