Aliyeosha Kibuyu cha Mursik

Kiminini,
Jumatatu asubuhi

Kwako Chelagat, dada yangu,

Pokea salamu, hata kama simu zangu hupokei. Mimi niko na afya, nalala vizuri, na meno yangu yote yako isipokuwa yale mawili unajua. Wewe mgongo unaendeleaje? Na mume wako Wabwile, bado anakohoa asubuhi kama trekta ya zamani? Mwambie anywe maji moto, awache kusingizia vumbi ya Bungoma. Huku mvua imekuja, mahindi imefika kiunoni, na ile ng'ombe nyeusi imezaa. Habari njema imeisha hapo.

Hii barua naandika na mkono wangu mwenyewe. Kijana wangu Kiplimo alitaka kuniandikia kwa simu, nikamfukuza. Nilifika darasa la tatu tu, lakini hao wa chuo hawanishindi kusema kitu mpaka ieleweke.

Nimesikia ati umemwambia binti yangu Chepkemei huji harusi yake. Ati hukanyagi boma yangu tena mpaka mmoja wetu azikwe. Chelagat, wewe ni mtu wa namna gani? Msichana hana mama. Shangazi amebaki ni wewe peke yako, na unajua kwetu msichana hatoki nyumbani kabla shangazi hajampaka siagi kwa nywele. Unataka nimpake mimi, na hii mikono ya jembe? Ama niite jirani yangu Waithera, ambaye kwao siagi ni ya mkate? Mtoto analia kila jioni. Hataki kuahirisha, na hataki kwenda bila wewe.

Tena kuna ingine. Ati ulimwambia, tangu mama yake, marehemu Jepchumba, atuache, mimi naishi kama panya kwa ghala. Hiyo iliniuma kushinda ile ya kuzikwa.

Kuja uone hii nyumba. Sufuria nasugua na jivu na gunzi la mahindi mpaka najiona ndevu. Hiyo jivu naipepeta kwanza, sio kama nyinyi mnachota tu na mawe ndani. Vikombe vilikuwa na rangi ya chai ndani, nikatoa na chumvi kidogo, nasugua na kidole, basi. Madirisha ni gazeti kuukuu na maji ya ndimu. Panga ilishika kutu, ndimu tena. Ile meza ilishika mafuta niliilaza na magadi, asubuhi ikawa kama imetoka kwa fundi. Kwa choo ni jivu kila siku, na nakwambia unaweza kukaa huko usome Biblia. Waithera mwenyewe alikuja akaniuliza hiyo sakafu ninapaka nini inang'aa hivyo, nikamwambia ni mshumaa, nikakataa kumwambia zaidi. Sijanunua sabuni ya duka tangu mwaka jana. Na yako pia sijanunua, hiyo ya mtungi unauza soko ya Bungoma. Ni maji na rangi.

Sasa tufike kwa ile siku. Nitaisema yote, usiseme mzee amesahau.

Wakwe wa Moi's Bridge walikuwa wanakuja kuposa. Wewe ulifika wiki moja kabla yao, na mtungi wako wa sabuni, ukafua mapazia, ukaosha vyombo. Ukachukua kibuyu ya Jepchumba, ukaisugua na ile brashi yake, ukapaka mkaa ndani vile inatakikana, ukaweka maziwa yagande iwe mursik ya wageni. Wageni wakaja. Mzee wao akapewa kikombe cha kwanza cha mursik. Akaonja, akafunga macho kama mtu amemeza inzi, akaenda kutema kwa maua. Akarudi akauliza polepole, ati nyumba hii tunakamua ng'ombe ama tunakamua nguo? Watu wakacheka mpaka wapishi wakatoka jikoni.

Mimi nikasimama. Nikasema mbele ya wote ati ni dada yangu amefanya, ati ameolewa kwa watu hawajui maziwa, ameosha kibuyu na sabuni yake ya soko kama anaosha nyungu ya pombe ya busaa. Ukaniangalia. Ulichukua mkoba na mtungi ukaenda barabarani peke yako, na hakuna mtu alikusindikiza kwa sababu niliwakataza. Na nasikia mpaka leo, hao wa Moi's Bridge wakipita Bungoma wanakuita mama wa mursik ya sabuni, na wateja wamepungua.

Chelagat, ni mimi.

Kaa chini kama umesimama. Kabla ufike, nilifungua ile kibuyu. Ilikuwa haijafunguliwa tangu tumzike Jepchumba. Ndani ilikuwa na ukungu ya kijani, na harufu ambayo sitaandika. Nikajua utaiona, utasema, unaona, nilisema huyu hawezi kukaa peke yake. Kwetu mwanaume hashiki kibuyu, unajua, na mimi sikuwahi kuuliza Jepchumba anafanyaje. Nilifikiri kitu inasafisha kikombe itasafisha kibuyu. Nikaweka chumvi. Nikaweka magadi. Ukungu ikakaa tu. Nikachukua ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, Chepkemei aliiacha kwa bafu, nikamwaga nusu chupa, nikaziba, nikaiacha tangu chai ya saa nne mpaka ng'ombe wakarudi. Kufungua, nilikohoa machozi ikatoka. Lakini ndani ilikuwa safi kama sahani! Nikasuuza mara mbili nikaitundika mahali pake, na nikajisifu. Sikujua kibuyu inakunywa kila kitu unaweka ndani. Nilifikiri ni kama chupa.

Na hiyo si ndiyo mbaya. Mbaya ni hii. Wewe ulinusa. Uliniuliza kama nimeweka kitu, nikakwambia ni moshi ya jikoni. Ukauliza mara ya pili. Ukasema twende tuombe kibuyu kwa Emmy pale juu, nikakugombeza, nikakuuliza ni lini nyumba ya baba yetu iliomba kibuyu. Ukaniamini kwa sababu mimi ni mkubwa wako.

Jana nilisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Nilisema yote, na ile chupa pia, na Emmy. Walicheka. Waithera alishika benchi ndio asianguke. Mzee wa Moi's Bridge nimempigia simu mwenyewe, akasema atawaambia watu wake wakurudishie jina yako vile ilikuwa. Chepkemei peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa nini nilikaa miezi mitatu na hiyo kitu kwa tumbo. Nikatoka nikaenda kutafuta karatasi ya hii barua.

Usifikiri nimelainika. Sabuni yako bado ina maji mingi, na Wabwile bado ni mtu wa kelele. Lakini maneno niliyokuambia mbele ya wakwe yalikuwa ya uongo, na nilijua nikiyasema.

Harusi ni Jumamosi, tarehe kumi na tano Agosti. Kuja Alhamisi. Alhamisi na Ijumaa nitukane vile unataka, kwa uwanja, mbele ya mtu yeyote. Nitajaribu kunyamaza. Lakini Jumamosi msichana akikaa kwa stuli, mikono iwe ni yako.

Salimia binti yako Nekoye na watoto wake. Salimia Wabwile pia. Mungu awachunge wote hapo kwenu.

Ni mimi kaka yako, ambaye alikukosea,

Job arap Lelei